Uliza Opereta: Nazi Mbili, Hatua 412

Kabla ya barua za mwezi huu nina deni la kulipa. Toleo lililopita nilimjibu dada mmoja wa Frere Town aliyetaka pahali pa kutembea pasipo na magari. Nikamwambia ashuke ufuoni Nyali saa kumi za alasiri, jua likishapoa, aufuate mchanga hadi Bamburi. Akashuka. Akayakuta maji yamefika kwenye kuta za hoteli, akarudi kwake buibui limelowa hadi magotini. Mvuvi mmoja wa Kongowea ameniandikia mistari miwili tu: "Bi Opereta, ile ilikuwa wiki ya bamvua. Saa kumi za bamvua maji yako juu, hata mtoto anajua."

Kweli kabisa. Bamvua ni siku za maji makubwa: mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, huku kwetu maji hujaa mnamo saa kumi na hupwa mnamo saa nne, mchana na usiku. Kisha kila siku husogea mbele kama dakika 50. Mimi nimezaliwa Kibokoni, nimelelewa na babu mvuvi, na bado niliandika vile kwa sababu nilitazama simu ikaniambia hakuna mvua na upepo ni mzuri. Habari ya maji haikunipa, wala mimi sikuiuliza. Dada, niwie radhi. Buibui lisuuze kwa maji matamu kabla ya sabuni, chumvi itatoka.

Kwa mgeni wa ukurasa huu: naitwa Opereta kwa sababu nilikuwa opereta. Tangu mwaka 1979 nilikaa mbele ya ubao wa simu wa Posta na Simu hapa Mombasa, chombo cha kusikilizia kichwani, nyaya mkononi, nikiwaunganisha watu wa simu za mbali. Shirika lilipogawanywa mwaka 1999 nikaenda nyumbani na cherehani. Haya, laini ya kwanza.

*

*Shikamoo Bi Opereta. Mimi ni karani kwenye ofisi ya kutoa mizigo bandarini, umri miaka 36, nakaa Tudor. Nilinunua saa janja ya kuhesabu hatua na nimejiwekea sharti la hatua 10,000 kila siku. Nikirudi usiku nikaona zimepungua, natembea sebuleni, kutoka mlangoni hadi kwenye friji na kurudi, mpaka mke wangu ameniuliza kama nimefutwa kazi namficha. Juzi nilipanda tuktuk kutoka Mwembe Tayari, ile barabara unaijua, nikashuka nikaona saa imeniongezea hatua kama 600. Sasa niiamini au niitupe? Na mtu asipofikisha 10,000 anadhurika? — Karani wa Tudor*

Marahaba, mwanangu. Mwambie mkeo hujafutwa, umetumwa, ila aliyekutuma humjui. Ngoja nikwambie.

Hiyo 10,000 haikutoka hospitalini. Mwaka 1965, mwaka mmoja baada ya Michezo ya Olimpiki ya Tokyo, kampuni ya Kijapani ya Yamasa ilitoa kidude cha kufunga kiunoni chenye kuhesabu hatua. Wakakiita manpo-kei, yaani kipima hatua elfu kumi. Kwa Kijapani elfu kumi ina neno lake moja, man, fupi na zito, kama sisi tunavyosema "laki" mtu akaona mali imejaa. Lilikuwa jina la biashara. Likapendeza, likavuka bahari, na leo linakutembeza baina ya mlango na friji.

Watu wa sayansi walikuja kupima jambo lenyewe baadaye sana. Mwaka 2019 I-Min Lee wa Chuo Kikuu cha Harvard na wenzake walitoa matokeo ya wanawake zaidi ya 16,000 wa Marekani, wastani wa umri miaka 72, waliofungwa vipimo kisha wakafuatiliwa kwa miaka kadhaa. Waliotembea kama hatua 4,400 kwa siku walifariki wachache kuliko waliotembea 2,700. Faida ikapanda mpaka karibu 7,500, ikatulia hapo. Hao ni wanawake wa rika langu, si makarani wa miaka 36. Tena mgonjwa naye hutembea kidogo kwa sababu ni mgonjwa, kwa hiyo usinibebee hesabu hii kama hirizi. Lakini hakuna mahali ilipoonekana kwamba mwenye 9,400 alale akiwa na huzuni.

Ama kuhusu kuiamini: saa yako haioni miguu. Ndani yake mna kihisi kidogo kinachohisi kutikisika, na programu inayotafuta mtikisiko wenye mdundo kama wa mtu anayekwenda. Ikiupata, inahesabu. Tuktuk kwenye mashimo ina mdundo wake. Mimi mwenyewe nilijaribu. Mjukuu wangu alinifunga yake mkononi siku ya Ijumaa, nikaketi juu ya mbuzi nikakuna nazi mbili za mchuzi. Sikuinuka hata kufunga dirisha. Nilipomaliza saa ikanipongeza kwa hatua 412. Alasiri nikaenda Marikiti kwa miguu, nikarudi kikapu kiko mkono ule ule wenye saa, mkono umenyooka kwa uzito wa mbatata, hautikisiki. Nusu ya safari ya kurudi haikuandikwa. Kwa hiyo iamini saa kama unavyomwamini jirani mpenda hadithi: kwamba jambo limetokea ni kweli, idadi ipunguze au iongeze mwenyewe.

Lakini mwanangu, shida yako haimo kwenye saa. Shida ni kwamba unatembea na huendi popote.

Mama yangu, Mungu amrehemu, sidhani kama alitembea hata siku moja maishani mwake. Alikwenda. Alikwenda Marikiti, alikwenda matangani, alikwenda kumjulia hali mzazi, alikwenda kurudisha sinia la watu na juu yake ametia kitu, maana sinia halirudi tupu. Jioni miguu ilimuuma na hakuna aliyempongeza. Sisi shughuli zote hizo tumempa mtu wa boda. Boda alete unga, boda apeleke sinia, boda achukue nguo kwa fundi. Kisha usiku tunajizungusha sebuleni kuifidia miguu tuliyoikodisha kwa wengine, na saa ya kutuhesabia tumeinunua kwa pesa vilevile.

Basi mnyang'anye boda shughuli mbili. Sisemi zote, yeye naye ana watoto. Ya kwanza ni safari yako ya jioni. Kutoka Mwembe Tayari hadi Tudor kwa miguu ni kama nusu saa kwa mtu asiyekimbizwa. Siku tano za kazi ni dakika 150, ambacho ndicho kiasi cha chini ambacho Shirika la Afya Duniani linakitaja kwa mtu mzima kwa wiki, mwendo wa kuhema kidogo. Miezi ya kaskazi, Januari na Februari jua linapochoma hadi magharibi, fuata upande wa kivuli na mitaa yenye miarobaini, au ngoja jua lizame. Ya pili chagua mwenyewe, ila iwe shughuli yenye mtu anayekungoja: mkate kwa mama yako, deni dukani, kinyozi. Mtu anayekungoja hukutoa nyumbani hata siku ya uvivu. Saa haikungoji, inakuandika tu.

Na friji iache ipumzike.

*

*Bi Opereta, mimi nauza kwenye duka la kanga Biashara Street, nakaa Likoni. Simu yangu ina miaka minne. Asubuhi inatoka nyumbani na chaji mia, saa saba mchana imezima. Kioo kimepasuka pembeni. Wenzangu dukani wote wana simu mpya za kulipa kidogo kidogo kila siku, na wananiambia ya kwangu ni ya makumbusho ya Fort Jesus. Nichukue mpya? — Muuza kanga*

Mwanangu, wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Mbacha ni mkeka mkuukuu, kwa mtoto wa siku hizi asiyejua. Wenzako wamekuonyesha msala, hawakukwambia kwamba simu ya namna hiyo siku usipolipa hufungwa kutoka mbali, ikabaki kioo cheusi. Nawe mteja wa kanga anataka kulipa kwa M-Pesa, umesimama unamuangalia.

Hebu tuitazame hiyo yako kama fundi anavyoitazama. Inazima saa saba. Huo ni ugonjwa wa betri, si wa simu. Betri hizi za lithiamu zina umri wa kuhesabika: kila ukiijaza na kuimaliza unakata kipande cha uhai wake, na baada ya mara mia kadhaa haishiki tena kama zamani. Miaka minne ya kutia chaji kila usiku, hesabu mwenyewe. Kitu kinachoiua upesi zaidi ni joto, na sisi tunaishi Mombasa. Simu inayotiwa chaji chini ya mto, au dirishani juani, au kwenye kibanda cha mabati saa nane mchana, inapikwa. Ukipata betri mpya, itie chaji pahali penye upepo, usiiache ishuke hadi sifuri kila siku, na si lazima kila mara ifike mia. Kati ya 20 na 80 inaishi kwa raha zaidi.

Mimi simu yangu ina mwaka wa sita na betri yake ya tatu. Ya pili nilidhulumiwa. Fundi mmoja, nisiyemtaja, aliichukua simu akaingia nayo ndani nyuma ya pazia, akanirudishia baada ya dakika kumi akisema "mpya kabisa". Baada ya wiki tatu ikavimba mpaka mgongo wa simu ukafunguka kama kaimati iliyoiva. Tangu hapo nina kanuni: fundi afanye kazi mbele ya macho yangu, na betri kuukuu anitie mkononi kabla sijalipa. Yule wa sasa hana pazia. Gharama yote, betri na kazi, haikufika sehemu ya kumi ya bei ya simu wanazoninong'onezea watu. Na betri ikivimba usiitoboe, usiikandamize, usiitupe jaani, maana hushika moto. Mpelekee fundi anayezikusanya.

Kuna jambo jingine ambalo dukani hawalisemi. Uchafu mwingi wa simu hutokea kabla hujaifungua kisanduku: kuchimba madini, kutengeneza chipu, kusafirisha. Kobalti ya betri, zaidi ya nusu ya ile inayochimbwa duniani hutoka Kongo, na huko si mashine peke yake zinazochimba. Stima unayoitia kila usiku ni kidogo sana, na hapa Kenya sehemu kubwa hutoka kwenye mvuke wa ardhini wa Olkaria, maji na upepo. Kwa hiyo anayetaka kupunguza madhara asihangaike sana na chaja. Aikalishe simu aliyonayo mwaka mmoja zaidi, na mwingine tena.

Nikwambie pia lini nisingekwambia hivi. Ikiwa simu imeacha kupokea masasisho ya usalama, na programu ya benki imeanza kugoma, hapo inakuwa mlango usio na komeo, na wewe unapokea pesa za watu. Siku hiyo nunua, hata iliyotumika, lakini kwa pesa ulizonazo. Mpaka siku hiyo ije, badili betri. Kioo cha pembeni kivishe plastiki ngumu ya kinga. Na wenzako waambie Fort Jesus imesimama tangu karne ya 16 na bado watu wanalipa kuiona.

Tena wewe unakaa Likoni, una bahati usiyoijua. Asubuhi na jioni unapanda feri kwa miguu, bila nauli, na kutoka kivukoni hadi Biashara Street ni mwendo mzuri kabla ya jua kali. Nasikia siku hizi unapanda matatu kutoka kivukoni. Sikukusema, umejisema mwenyewe kwenye barua, mstari wa mwisho nilioukata.

*

*Mume wangu amestaafu, na sasa ndiye anayekwenda sokoni Kongowea, tena kwa miguu, na kikapu cha ukili begani. Majirani wanasema amekaliwa. Nimemnunulia mfuko wa kisasa hautaki. Nifanye nini? — Mke wa Kisauni*

Usifanye lolote. Una mume anayekwenda sokoni, unataka nini tena, apige na deki?

Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Kenya tarehe 28 Agosti 2017, na sote tulidhani tutarudi kwenye vikapu. Hatukurudi. Tulihamia kwenye hiyo mifuko ya rangi rangi inayofanana na kitambaa, ambayo kwa hakika nayo ni plastiki iliyogandanishwa kwa ujanja, tunanunua mpya kila siku kwa sababu ile ya jana tumeisahau nyumbani. Nilihesabu yangu chini ya sinki nikafika 31 nikaacha kwa aibu. Kikapu cha miaa hakisahauliki, maana kina mahali pake msumarini nyuma ya mlango. Kikifa unakitupia mbuzi au moto. Mwaka 2019 mafundi wa Lamu walisafirisha hadi Unguja jahazi walilolijenga kwa plastiki zilizookotwa na kulivisha ndara kuukuu, jina lake Flipflopi. Lilipendeza kama tausi. Lakini mie niliangalia picha nikawaza ni ndara ngapi tulizokuwa tumezitupa hata zikatosha jahazi.

Majirani wakisema amekaliwa, waulize wao waume zao wako wapi saa hizo. Mfuko wa kisasa nipe mimi, nitatilia vipande vya vitambaa.

*

*Bi Opereta, mimi ni mwanafunzi, nimetoka Voi, nimekuja kusoma Mombasa. Nikiingia Mji wa Kale natumia ramani ya simu lakini ile nukta yangu inaruka ruka, mara iko ndani ya nyumba ya watu, mara iko mtaa wa pili. Simu ni mbovu? — Mgeni*

Karibu, mwanangu. Simu ni nzima, ni mitaa yetu iliyo myembamba. Simu hujijua ilipo kwa kusikiliza setelaiti kadhaa kwa pamoja na kupima mawimbi yao yamechukua muda gani kufika. Kwenye uwanja wazi, kama pale Makadara, yanafika moja kwa moja. Kwenye kichochoro chetu, ukuta huku na ukuta huku, ghorofa juu na roshani zimekaribia kubusiana, mawimbi hugonga ukuta huu yakaruka ule ndipo yakufikie, yamechelewa kidogo tu, na kidogo hicho kinakutupa nyumba ya tatu.

Dawa ni baraza. Kila mtaa una wazee barazani. Toa salamu kwanza, ngoja ijibiwe, kisha uliza. Ukiuliza kabla ya salamu utaelekezwa baharini. Usiulize "mtaa fulani uko wapi", uliza kitu kinachojulikana: msikiti wa Mandhry, Ndia Kuu, soko la samaki. Pengine utapewa kikombe cha kahawa tungu na utaulizwa wewe mtoto wa nani, na hapo ramani yako imepata nukta isiyoruka.

Na simu itie mfukoni unapokwenda. Hilo silisemi kwa hekima, nalisema kwa sababu kuna vijana wa pikipiki wenye vidole vyepesi. Zile spika za masikioni nazo zitoe ukivuka Digo Road. Tuktuk haina heshima kwa muziki wa mtu.

*

*Dada Opereta, asalamu aleikum. Mimi ni baharia mstaafu, miaka 74, Majengo. Mwanangu yuko Toronto. Amenitumia saa inayopima moyo, usingizi na hatua, na habari zote anaziona huko aliko. Sasa kila siku simu: "Baba, leo umetembea 900 tu." "Baba, mbona saa tisa za usiku ulikuwa macho?" Saa tisa nilikuwa nasali tahajudi. Nampenda mwanangu, na najua amehangaika kuipata, lakini najiona kama kontena lililofungwa kifaa cha kufuatiliwa. Nikiivua atadhani nimekufa. Nifanyeje? — Baharia*

Waaleikum salaam, kaka. Barua yako niliisoma mara tatu, na mara ya tatu nilivua miwani.

Nikueleze kidogo kazi yetu ilivyokuwa. Mtu akitaka simu ya mbali, tuseme Kisumu, nilikuwa namwita opereta wa upande wa pili, tunatafuta njia, kengele inalia, mtu anaitika. Hapo sharti niingie kwenye laini kuhakikisha wamesikilizana: "Haloo Kisumu, zungumza na Mombasa." Kisha natoka. Kutoka huko, kaka, ndiko kulikokuwa kazi yenyewe. Kuingia mtoto yeyote angeweza. Nilikuwa na wenzangu walioshindwa kutoka, wakawa wanajua nani kaachwa na nani ana deni, na walikuwa na nyuso za watu wasiolala. Mimi nilikuwa nachomoa. Nilirudi ndani mara moja tu, kusema "dakika tatu zimekwisha, mnaendelea?"

Mwanao amejifunza kuingia kwenye laini, hajafunzwa kutoka. Si ubaya wake, hiyo saa imetengenezwa na watu ambao wao pia hawatoki: kila pigo la moyo wako linalala kwenye ghala la kampuni, mbali na Majengo. Mpigie wewe umwambie, kwa lugha ya baba, si ya mgonjwa. Saa hizi kwa kawaida zina mahali kwenye mipangilio pa kuchagua nini kionekane na nani. Mwache aone hatua. Usingizi ufunge. Tahajudi ni baina yako na Mola wako, haihitaji shahidi wa Toronto. Ama moyo, ikiwa daktari wako ndiye aliyeomba ufuatiliwe, uache wazi. Ikiwa hakuomba, ufunge nao. Kama kichwa hakipandani na mipangilio, mpe mjukuu wa jirani dakika tano na kashata mbili. Usiku ivue uiweke juu ya kabati, na mwambie mapema kwamba utaivua, ili asije akawapigia watu wa msikitini.

Lakini najua kinachomuuma mwanao, maana miaka ishirini nilisikia sauti za watu walio mbali. Hatafuti hatua zako. Anatafuta neno la kukuambia. Mtu aliyeko mbali hana habari ya samaki, hana habari ya jirani aliyejenga, amebaki na namba 900, basi anaishika hiyo.

Mpe kingine cha kushika. Jioni ukishasali alasiri, toka Majengo polepole, na ukichoka panda tuktuk sehemu, hakuna anayekuhesabia, ufike Lighthouse mnamo saa kumi na moja. Kaa kwenye ukuta, nunua muhogo wa pilipili na ndimu, meno yako yakikubali. Saa hiyo kwao Toronto ni saa tatu au saa nne asubuhi kulingana na majira. Mpigie wewe, kwa picha, umgeuzie simu upande wa bahari. Meli ikija kuingia Kilindini, msomee bendera, mwambie imebeba nini kwa jinsi ilivyokaa majini, mwambie nahodha anakosea wapi. Wewe umekula chumvi miaka mingapi, haya mambo hayamo kwenye saa yoyote. Muulize na yeye ameendaje kazini leo, kwa miguu au kwa gari, na umgombeze akisema gari.

Na ukiona maneno yamekuwa mengi na muhogo unapoa, mkatize kama tulivyokuwa tukikatiza sisi. Mwambie dakika tatu zimekwisha, anaendelea?